Kabla ya Kununua Ndege au Ua, Pima Veranda

Maswali ya wasomaji wanaofuga ndege na kuotesha maua ya kigeni yanafanana mno. Wa Dar es Salaam ana okidi aliyoinunua ikiwa imesheheni maua; majani bado yananawiri, lakini ua la pili halijaonekana. Wa Nairobi ana kasuku anayejivimbisha manyoya kila alfajiri ya Julai. Wa Dodoma anthuriamu yake inakauka ncha za majani hata akiimwagilia kila siku. Wa Mombasa amezika chiriku mmoja baada ya mwingine, na kila mara analaumu chakula.

Wengi wamekwisha kubadilisha mbolea, mbegu, chungu, na wengine hata muuzaji. Walichokiacha ni kifaa kidogo cha bei nafuu: kipimajoto.

Ndege wa kufugwa haishi Dar es Salaam wala Nairobi. Anaishi kwenye mita moja ya veranda, chini ya bati au kando ya dirisha, na hewa ya hapo ndiyo inayomlea au kumuua. Ua ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni kupima mahali kwanza, kisha kutafuta ndege au ua panapomfaa. Wengi huanza na duka.

## Mwinuko kwanza, bahari baadaye

Kanuni ya haraka ni hii: kila mita 1,000 za mwinuko hupunguza joto kwa takribani nyuzi 6. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ziko usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye kama mita 1,100, Arusha 1,400, Mbeya 1,700, Nairobi karibu 1,800, na Limuru imepita 2,000. Ndiyo maana usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, wakati usiku huo huo Dar es Salaam ni nyuzi 18 au 20, na watu wa pwani wanaita hiyo baridi.

Bahari huleta jambo la pili, unyevu. Pwani hewa ni nzito karibu mwaka mzima. Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, hakuna mvua ya maana na hewa ni kavu kabisa. Anthuriamu asili yake ni misitu ya mvua ya Kolombia na Ekuado. Ikiwekwa Dodoma mwezi wa Septemba, mizizi inaweza kuwa imezama ndani ya maji na ncha za majani bado zikakauka, kwa sababu hewa inanyonya maji majanini kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Kuongeza maji kwenye chungu ni kuozesha mizizi tu.

## Wiki moja ya kupima

Kinachohitajika ni kipimajoto cha kidijitali kinachoonyesha pia unyevu wa hewa, na kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku. Wanaouza vifaa vya kufugia kuku huwa navyo.

1. Kining'inize pale pale tundu au chungu kitakapokaa, kwa kimo kile kile. Jua lisikipige moja kwa moja, maana kitapima jua badala ya hewa.
2. Kisome mara tatu kwa siku: alfajiri kabla jua halijatoka, saa nane mchana, na saa nne usiku.
3. Andika kiwango cha juu, cha chini, na unyevu. Daftari la jikoni linatosha.
4. Andika pia jua linagonga hapo kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.
5. Rudia zoezi msimu ukigeuka. Vipimo vya kipupwe havitakuambia lolote kuhusu kaskazi.

Kosa linalojirudia hapa ni kutegemea simu. Namba inayotolewa na simu ni makadirio ya hewa ya nje kivulini kwa eneo zima, wala haijui kama veranda ina dari. Chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana wa Februari, joto hupita namba hiyo kwa nyuzi kadhaa. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa kasi zaidi, na ndege aliyeachwa humo "dakika tano tu" anaweza kufa.

## Kibandiko kimeandikwa kwa ajili ya Ulaya

Hapa ndipo wasomaji makini, wale wanaofuata maelekezo neno kwa neno, wanapoumia kuliko wazembe. Kibandiko kwenye chungu na maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Yanasema "weka kwenye dirisha la kusini lenye mwanga mwingi" na "punguza maji wakati wa baridi, Desemba hadi Februari". Anayetii hayo Dar es Salaam ataunyima mmea maji wakati wa joto kali kuliko yote.

Jua la Ulaya hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Huku kwetu linahama. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Zanzibar au Dodoma, kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Januari liko upande wa kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugawana karibu nusu kwa nusu. Matokeo yake ni kwamba veranda inayotazama kusini ina kivuli kizuri Julai, halafu Desemba inapigwa na jua ambalo mwenye nyumba hakulitarajia. Okidi iliyokuwa salama miezi sita inapata madoa meupe ya kuungua ndani ya siku mbili, na mwenye nayo anasema imepata ugonjwa.

Tafsiri ya kibandiko, kwa ufupi:

- "Dirisha la kusini" lisomwe "mahali penye mwanga mwingi", na kwetu mara nyingi ni dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi.
- "Jua kamili" la Ulaya si jua la saa sita la Dodoma. Kwa maua ya msituni weka neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche.
- "Majira ya baridi" yasomwe kipupwe, Juni hadi Agosti.
- Dirisha la magharibi liogopwe. Jua la saa tisa alasiri huja wakati ukuta na bati vimeshapata moto.

## "Lakini kasuku ni wa Afrika!"

Hoja hii huletwa kila mara joto linapotajwa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni wa Afrika kweli: makazi yake yanaanzia misitu ya Afrika Magharibi, yanapita Kongo na Uganda hadi magharibi mwa Kenya. Lakini huko anaishi kwenye vilele vya miti mirefu, penye kivuli, unyevu na upepo, na akisikia joto huruka kwenda majini. Aliye ndani ya tundu hana pa kwenda. Nyuzi 34 msituni na nyuzi 34 kwenye tundu la chuma juani ni vitu viwili tofauti.

Kuna na upande wa pili wa hoja hiyo, usiosemwa sana. Cherero, kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka macho, asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, maeneo ya Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria, kwenye nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Wamezoea usiku wa baridi na hewa kavu. Kwa hiyo ndege huyu wa Tanzania hustahimili Arusha au Dodoma kwa urahisi kuliko anavyostahimili chumba cha Kariakoo, Dar es Salaam, kisicho na dirisha la pili.

## Nani akae wapi

- Bajerigari na kokatieli. Wote wawili asili yao ni nyika kavu za bara la Australia. Dodoma, Singida na Arusha huwafaa. Pwani wanaishi, ila mbegu zao huota ukungu haraka. Chombo kimwagwe na kuoshwa kila siku badala ya kujaziwa juu ya mabaki.
- Chiriku wa kufugwa, wale kanari wa njano. Asili yao ni visiwa vya Kanari, Madeira na Azori, kwenye upepo mwanana wa Atlantiki. Nyanda za juu zinawafaa. Pwani adui wao mkubwa ni mbu: mbu hueneza ndui ya ndege, na chiriku ni dhaifu sana mbele yake. Anayewafuga Mombasa au Dar es Salaam afunge chandarua chenye matundu madogo kuzunguka tundu lote kuanzia magharibi hadi kuche. Chakula kinacholaumiwa mara nyingi hakina hatia.
- Kasuku wa kijivu. Anataka joto la wastani, hewa yenye unyevu, na kuoga. Manyoya yake hutoa unga mwingi mweupe. Mahali pakavu unga huo humkera yeye na mwenye nyumba. Nyunyizia maji safi mara kadhaa kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya jioni.
- Cherero. Bara kuliko pwani, na wawili wawili.

Kwa wasomaji walioko Maskati na Dubai ushauri ni mfupi: kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tundu linalokaa nje mchana, hata kivulini.

## Ndege akizidiwa na joto

Ndege hana tezi za jasho. Joto la mwili wake la kawaida ni kati ya nyuzi 40 na 42, kwa hiyo nafasi ya kupanda zaidi ni ndogo. Anachoweza ni kuhema na kutetemesha koo ili maji yavukize. Dalili zifuatazo zisisubiriwe zote:

- mdomo wazi na pumzi za haraka;
- mabawa yameachanishwa na mwili;
- amekaa sakafuni mwa tundu au anayumba kwenye kijiti chake;
- haitikii akiitwa.

La kufanya: mhamishe kivulini penye hewa inayopita. Lowesha miguu na chini ya mabawa kwa maji ya kawaida ya bomba. Weka maji ya kunywa karibu, lakini usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Feni ielekezwe pembeni mwa tundu. Maji ya barafu yasitumike kabisa. Mshtuko wake unaweza kumaliza kazi ambayo joto liliianza. Akiwa hajarejea hali yake baada ya dakika chache, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu kuzuia, kuna tofauti kubwa kati ya pwani na bara ambayo watu hawaizingatii. Maji hupoza pale tu yanapovukiza. Dodoma mwezi wa Oktoba, gunia la katani lililoloweshwa na kutundikwa upande upepo unakotokea hushusha joto la veranda kwa kiasi cha kuonekana kwenye kipimajoto. Dar es Salaam wakati wa masika, hewa ikiwa imekwisha kushiba maji, gunia hilo hilo halipozi chochote, linaongeza unyevu na kumzidishia ndege taabu. Pwani kinachofanya kazi ni vitu vitatu: kivuli, dari chini ya bati, na hewa inayotembea kutoka dirisha hadi dirisha. Anayenunua mashine ya kunyunyiza ukungu wa maji kwa ajili ya tundu la Zanzibar anatupa fedha.

## Baridi ya nyanda za juu

Njombe, Makete, Mbeya, Limuru na Nairobi wasiwasi ni wa usiku. Ndege aliyejivimbisha manyoya kwa dakika chache alfajiri anajipasha tu. Aliyejivimbisha hadi saa nne asubuhi, macho nusu wazi, anaumwa au ameshindwa kujipasha.

Onyo kubwa kuliko yote katika makala hii ni la jiko la mkaa. Familia nyingi huliingiza ndani usiku wa Julai, na tundu huletwa karibu ili ndege naye apate moto. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa huua watu, na ndege hufa kabla yao, kwa sababu mapafu yake hupitisha hewa nyingi mno kulingana na mwili wake. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na chiriku mgodini kwa sababu hiyo hiyo. Jiko la mafuta ya taa halina nafuu kubwa. Kikaango kisichoshika chakula, kikisahauliwa motoni kikapata joto kupita kiasi, hutoa moshi unaoweza kumuua ndege aliye chumba cha pili. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma nazo zisiingie chumba cha ndege.

Njia salama ni hizi:

- Hamisha tundu kutoka kwenye dirisha jioni. Kioo cha usiku ni baridi kuliko ukuta.
- Funika pande tatu kwa shuka nzito, acha upande mmoja wazi ili hewa ipite.
- Tumia taa ya umeme ya kulelea vifaranga, nje ya tundu, upande mmoja tu. Ndege lazima awe na nafasi ya kuikimbia akiona joto limezidi. Waya usifikiwe na mdomo wake.
- Asubuhi mtoe apate jua halisi. Jua linalopita kwenye kioo limepungukiwa na miale inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na kasuku wa kijivu anajulikana kwa kupungukiwa kalisi.

Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo na kuwekwa kando ya tundu itamsaidia kufika alfajiri.

## Okidi inayokataa kuchanua

Okidi za madukani, zile zenye maua mapana kama vipepeo, nyingi ni za jamii ya Phalaenopsis, kutoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Muuzaji wa pwani atamwambia mteja kwamba inataka mbolea ya maua. Inataka ubaridi kidogo. Ikikaa kwenye nyuzi 28 na zaidi mfululizo, huendelea kutoa majani na mizizi bila kuanzisha shina la maua. Ikipata wiki nne hadi sita za hewa kati ya nyuzi 18 na 25, shina huanza kuchungulia chini ya jani.

Dar es Salaam na Mombasa nafasi hiyo inakuja mara moja kwa mwaka, kusi linapovuma:

1. Mwishoni mwa Mei, ihamishie karibu na dirisha linaloachwa wazi usiku, au veranda yenye kivuli.
2. Iache hapo Juni na Julai. Isiguswe na mvua ya moja kwa moja.
3. Shina likichomoza, usiuzungushe mmea. Maua yatapinda yakiufuata mwanga.
4. Yakianguka, subiri kipupwe kingine.

Mwenye kiyoyozi cha chumba cha kulala anaweza kuiga kipupwe kwa kuiweka humo usiku kwa mwezi mmoja, nyuzi 22 hivi, mbali na mdomo wa mashine. Nairobi na Arusha kuchanua huja kwa wepesi. Hatari huko ni usiku ulio chini ya nyuzi 15, kwa hiyo ikae ndani.

Udongo wa bustani usitumike. Mizizi ya okidi hii hushikilia magome ya miti na inataka hewa. Pwani ina bahati ya makumbi: yakatwe vipande, yalowekwe na kubadilishiwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke, kisha yachanganywe na vipande vya mkaa. Mizizi ikiwa ya kijivu, mwagilia. Ikiwa ya kijani, iache. Maua mengi ya jamii hii yameuawa na ndoo kuliko ukame.

Jambo jingine, kwa wanaopanda Kitulo. Uwanda huo wa Nyanda za Juu Kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, una okidi za mwituni zinazoota ardhini kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, penye sakitu usiku. Zinategemea kuvu walio kwenye udongo ule ule. Kuzing'oa ni kosa kisheria, na hata asiyeogopa sheria ajue kwamba hazitapona sebuleni Dar es Salaam.

## Ua la Usambara lirudi nyumbani taratibu

Ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalouzwa kwenye vyungu vidogo sehemu nyingi za Ulaya na Marekani, lilitoka Tanga. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo, alilituma kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Wasomaji husikia "Tanga" wakadhani linapenda joto la Tanga mjini. Linakoota ni kwenye miamba yenye kivuli na ukungu ya milima ya Usambara, na kiwango linachokipenda ni nyuzi 18 hadi 24.

Lushoto, Arusha na Nairobi likae dirisha la mashariki. Pwani likae chumba kilicho baridi kuliko vyote ndani ya nyumba, mbali na jua. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu, na maji yakae ndani usiku kucha kwanza. Maji ya bomba ya Nairobi mwezi wa Julai yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika, na wengi huyapulizia dawa ya kuvu bure.

## Yanayochanua yakinyimwa

Bogenvilia, mzaliwa wa Amerika Kusini, hupewa huruma isiyo yake. Jua la siku nzima, chungu kinachombana, na kiu ya kiasi ndivyo vinavyoleta rangi. Acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea, ndipo umwagilie kwa kushibisha. Mbolea ya kuku kwa wingi huleta matawi marefu ya kijani na miiba. Wakati wa masika lisitarajiwe mengi. Rangi hurudi mvua zikikatika.

Waridi la jangwani, lenye shina nene kama mbuyu mdogo, ni la Afrika Mashariki na Uarabuni. Linaishi Dar es Salaam vizuri miezi tisa, halafu masika linaoza shina. Aprili liingizwe chini ya paa na lisimwagiliwe hadi udongo ukauke kabisa. Utomvu wake ni sumu, na umetumika kwenye mishale ya uwindaji. Lisiwekwe linapofikiwa na mtoto.

## Ndege na maua veranda moja

Picha za majarida huonyesha tundu likiwa katikati ya majani. Inawezekana, kwa masharti.

- Kasuku hutafuna kila kinachofikiwa na mdomo. Waridi la jangwani na olianda viwe mbali kabisa. Vyote viwili vina sumu ya moyo.
- Anthuriamu huchoma mdomo na koo.
- Dawa ya wadudu ya maua isipulizwe ndege akiwepo. Hamisha mmea, pulizia nje, rudisha ukikauka.
- Unyevu unaoipendeza okidi huotesha ukungu kwenye mbegu na kinyesi. Weka mita moja au zaidi kati yao, na hewa ipite katikati.

## "Na kiyoyozi je?"

Kiyoyozi hakina ubaya wenyewe. Ubaya ni nyuzi 18 kuanzia saa mbili usiku, kisha umeme unakatika saa saba na chumba kinarudi nyuzi 30. Ndege huzoea joto, huzoea na ubaridi, akipewa siku kadhaa. Kinachomchosha ni kurushwa huku na huku. Kiweke nyuzi 25 hadi 27 na tundu lisielekee mdomo wa mashine. Kwa maua kumbuka kwamba kiyoyozi hukausha hewa, hivyo weka sinia lenye kokoto na maji chini ya vyungu, maji yasiguse kitako cha chungu.

Kuna na yule anayesema jirani yake hafanyi hata moja kati ya haya na kasuku wake ana miaka kumi. Huenda veranda ya jirani inatazama mashariki, ina mwembe mbele yake na dari juu. Ipimwe nayo.

## Vya kuacha dukani

Tulipu ziachwe. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 hadi 16 za ubaridi ulio chini ya nyuzi 9 ndipo kichanue. Friji inaweza kukidanganya mara moja, kikiwekwa mbali na matunda yanayoiva, lakini baada ya ua hilo kinatupwa.

Haidrenjia ni ya Lushoto, Njombe na Limuru. Pwani itauzwa ikiwa imechanua, itakaa wiki chache, na haitafunga maua tena. Waridi la kawaida nalo, lile linalolimwa Naivasha na Arusha kwa sababu ubaridi wa mwinuko hukuza kichwa cha ua, Dar es Salaam hutoa maua madogo na madoa meusi majanini. Anayelipenda alinunue likiwa limekatwa.

Wa mwisho ni kasuku wa kijivu anayeuzwa kwenye boksi bila karatasi. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimpandisha kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kumfuga kunahitaji kibali: Kenya kinatolewa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, Tanzania na mamlaka ya wanyamapori chini ya sheria ya 2009. Cherero waliokamatwa porini nao wana masharti yao. Omba kuona kibali na jina la mzalishaji kabla ya kutoa fedha. Muuzaji asipoweza kuvionyesha, muache na ndege wake.